Goti la Jogoo

Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kula kuku maishani mwake. Si kwamba nyama hiyo ilimdhuru. Kwao, kwenye milima ya Kabare, wanawake wa rika lake walikatazwa kuku tangu utotoni, na yeye alilishika katazo hilo mpaka uzeeni bila kunung'unika. Jumapili, mama alipopika kuku kwa mawese, sisi tuligombania mapaja, naye bibi akala bugali wake kwa sombe, majani ya muhogo, huku akitutazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayetazama watoto wanaokula udongo. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu bila kuku huyo hadithi ya magoti ya bibi haitaeleweka.

Magoti ndiyo yaliyomleta mjini. Alikuwa na nyumba yake Miti, kando ya barabara ya kwenda Kavumu, na nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba na shamba la maharage. Babu alikuwa amefariki zamani. Bibi aliishi hapo na wifi yake, dada wa babu, mwanamke mkavu wa maneno ambaye sote tulimwogopa. Magoti yalianza kumuuma wakati wa kupanda mlima, kisha wakati wa kushuka, mwishowe hata akiwa amekaa. Siku moja baba alimkuta anapalilia maharage akiwa ameketi chini kabisa, akijisogeza kwa matako kutoka tuta hadi tuta. Baba alifunga nguo za bibi kwenye kikwembe, yaani kitenge, akampandisha garini, akamleta kwetu Ibanda, mjini Bukavu.

Ilisemekana ni kwa wiki chache tu. Misimu ya mvua ikapita, na bibi bado alikuwa analala kwenye kitanda cha pili katika chumba changu.

Mimi nilifurahi sana, sitaki kudanganya. Nilikuwa nimemaliza shule, nafanya kazi ya kupiga mashine ya kuandikia katika ofisi moja mjini, na kila nikirudi jioni nilimkuta bibi amenisubiri na habari zote za mtaa. Jumamosi za salongo, majirani walipotoka kufagia mifereji kama serikali ilivyotaka, yeye alibaki kibarazani akiwaelekeza wapi wamesahau. Alikuwa mchokozi, mwenye macho makali, na alicheka mpaka machozi. Lakini mvua za kwanza za Septemba zilipoanguka na harufu ya udongo ikaingia dirishani, aliacha vicheko. Alikaa na mikono mapajani. Nilijua anawaza mbegu zake.

"Miye niko hapa sawa mugeni," aliniambia. "Munanilisha muzuri, munanipenda. Lakini mugeni hapandi maharage."

Baba alikuwa amempa sharti moja. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Bukavu, ilikuwa chini ya barabara, na kutoka barabarani ulishuka ngazi za saruji zisizolingana, nyingine fupi, nyingine ndefu, zote zenye utelezi. Bibi hakuweza kuzishuka peke yake. Mimi nilitangulia, yeye akaweka mkono wake begani mwangu, tukashuka hivyo hivyo kila Jumapili baada ya misa. Baba alisema: "Mama, siku utashuka hizi ngazi bila kushika mutu, njo siku nitakurudisha Miti." Nadhani alilisema akiamini kwamba siku hiyo haitafika. Bibi aliliweka moyoni kama ahadi ya kanisani.

Basi tukaenda hospitali. Daktari aliyetupokea alikuwa Mwitaliano, mtu mkubwa mwenye ndevu, aliyekuja kufanya kazi kwetu kwa miaka kadhaa. Kifaransa chake kilikuwa na wimbo ndani yake, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na "inauma wapi". Kwa hiyo mimi nilikuwa kinywa cha bibi na sikio lake. Alipiga picha ya mifupa, akaishika mbele ya dirisha, akatuonyesha: ile gegedu laini nyeupe, ambayo kila mtu aliyewahi kutafuna mfupa anaijua, kwa bibi ilikuwa imelika kama soli ya kiatu cha zamani. Mfupa ulikuwa unasugua mfupa mwenzake. Hakuna dawa inayoirudisha, alisema. Lakini kuna sindano za ndani ya goti, na ziko za aina mbili.

Ya kwanza ni kortizoni. Hiyo ilikuwepo hospitalini, inajulikana miaka mingi. Inapunguza uvimbe na maumivu upesi, wakati mwingine ndani ya siku chache, lakini haikai. Baada ya wiki kadhaa nguvu yake inaisha, na huwezi kumchoma mtu kila anapotaka, kwa sababu ikizidi inaweza kuharibu kiungo chenyewe. Ya pili ilikuwa mpya, hata kwao Ulaya watu walikuwa wanaanza tu kuizoea. Ni uteute mzito unaofanana na ule wa asili wa ndani ya goti. Inachomwa mara moja kwa wiki mpaka boksi liishe. Inachelewa kufanya kazi, na kwa watu wengine haifanyi kitu kabisa. Kwa wengine inakaa miezi. Yeye alikuwa amerudi kutoka likizo na boksi moja tu, zawadi ya rafiki yake anayetibu wazee huko kwao.

"Boksi moja ni goti moja," alisema, akitazama magoti ya bibi kama mzazi mwenye peremende moja na watoto wawili.

Bibi ndiye aliyekata shauri. "Mumuambie atie ile ya mbio mu goti ya kuume, na ile ya polepole mu goti ya kushoto. Nitabaambia mwenyewe gani iko muzuri." Nilipotafsiri, daktari alicheka, akasema wenzake huko Ulaya wangependa kuwa na mgonjwa kama huyo.

Siku hiyo bibi alichomwa kortizoni kwenye goti la kulia. Nilimshika mkono. Alitazama dari na kutaja majina ya watakatifu bila mpangilio, kisha akauliza kama imekwisha, na ilikuwa imekwisha. Wiki ile ile, kabla haijafika Jumapili, mama alimkuta jikoni anacheza kwa mguu mmoja, mwiko mkononi. Goti la kulia lilikuwa limekuwa goti la msichana. Baba, ambaye hupenda kila kitu cha haraka, alivaa suti yake ya abakosti na kwenda kazini akiwaambia watu wote kwamba sayansi imeshinda.

Wiki iliyofuata tukarudi kwa ajili ya goti la kushoto. Bibi alijikalia kitandani, akapandisha kikwembe, daktari akasafisha ngozi kwa pamba. Kichupa kilikuwa tayari. Hapo bibi akaniambia nimuulize hiyo dawa inatengenezwa na nini. Hakuwa na shaka yoyote. Alipenda tu kujua vitu, kama alivyopenda kujua jirani amenunua sufuria gani.

Daktari alifurahi kuulizwa. Alinyoosha kidole, akakiweka juu ya kichwa chake mwenyewe na kukichezesha. Inatoka kwa jogoo, alisema. Kwenye ule upanga mwekundu wa kichwani. Wanakusanya panga za majogoo, wanazisafisha, na humo wanapata uteute huu.

Nikatafsiri, kwa sababu goti lilikuwa lake, nikimwita Koko kama wajukuu wa kwetu wanavyowaita bibi zao. "Koko, anasema inatoka mu ile kitu nyekundu ya ku kichwa ya jogoo."

Bibi alimtazama daktari, ambaye bado alikuwa na kidole kichwani. Akanitazama mimi. Halafu, taratibu, akashusha kikwembe na kulifunika goti.

"Umuambie aksanti," alisema. "Umuambie nitawaza."

Nyumbani, baba alipopata habari, alicheka mpaka akakaa. "Mama, hii ni dawa. Hakuna mutu anakuambia ukule kuku." Bibi alimwacha acheke. Mama hakucheka, naye alikuwa binti wa Kabare, na ingawa yeye alikula kuku, nilijua kwamba hakuwahi kumla mbele ya mama yake mzazi.

Jumamosi akaja wifi kutoka Miti. Alikuja na kabichi na mkungu wa ndizi, akakaa kibarazani, akasikiliza habari yote bila kupepesa macho. Kisha akatoa hukumu. Mwanamke hali kuku kwa sababu kuku hana kwake. Leo analala hapa, kesho kule, anaingia jikoni mwa watu na kufukuzwa. Mwanamke akimtia kuku mwilini, naye atazurura. Nyumba yake itamkosa. "Na weye unataka kurudia kwako," alimwambia bibi. "Unataka kurudia kwako na kuku mu muguu?"

Baba alifungua kinywa. Wifi alimtazama tu, naye akakifunga. Mtu mwenye ofisi na makarani, lakini mbele ya shangazi yake alikuwa bado mtoto wa kaptula.

Wifi akarudi Miti. Bibi akabaki kibarazani siku hiyo yote na Jumapili baada ya misa. Jirani yetu alikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mwenye majivuno, aliyekuwa akiingia kwetu kupitia ua, kula makombo yetu, kupanda kwenye ukuta, kushuka hadi karibu na ziwa lililo chini ya mtaa wetu, na kumsumbua kila mtu. Bibi alimfuata kwa macho. Mimi nilifikiri amechoka tu. Jua lilipoanza kuzama, jogoo yule akakusanya majivuno yake, akapita tena uani, akaruka kwenye tawi lake la mparachichi kwa jirani. Bibi akainuka kwa msaada wa goti lake la kortizoni, akaingia ndani tulipokuwa mezani.

"Niko na maneno," alisema.

Tukaweka vijiko chini.

"Miye sikukula kuku hata siku moja tangu nizaliwe. Na muangalie: niko nalala mu nyumba ya batu."

"Ya batu?" baba aliuliza, ameumia. "Mama, iko nyumba ya mutoto wako."

"Iko yako, haiko yangu. Basi kule kukosa kuku kulinisaidia nini? Nilizurura bila kuku. Tena yule wifi yangu hakuangalia kuku muzuri. Jogoo anatembea muchana yote, anakula ya kila mutu, anatukaniwa. Lakini mangaribi anarudia kwake. Hakuna mutu anamuonyesha njia. Sasa kama dokta iko na jogoo ya kunirudisha kwangu, anitie." Alifikiri kidogo, akaongeza: "Na tena goti haina kinywa. Goti haiwezi kukula."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kisha sisi wote, na bibi mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Jumatatu niliomba ruhusa kazini, tukaenda. Daktari alimchoma sindano ya kwanza ya jogoo, na bibi safari hii hakutaja watakatifu. Alitazama sindano tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayepokea mgeni aliyesengenywa sana na anayetaka kumjua mwenyewe.

Mwanzoni mgeni alikuwa na tabia mbaya. Goti la kushoto lilivimba kidogo na kuuma zaidi ya zamani, jambo ambalo daktari alikuwa ametuonya. Bibi alimtukana jogoo kwa Kimashi, lugha ya kwao, matusi ambayo sitayaandika hapa. Nyumba iligawanyika. Baba alikuwa upande wa kortizoni, mama upande wa jogoo, na mimi nilibadili upande kulingana na siku. Kila asubuhi, kabla ya chai, bibi alitoa taarifa yake akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda: huyu wa kuume amelala vizuri, huyu wa kushoto amenisumbua. Habari ilienea. Akina mama waliokutana nasi barabarani hawakuuliza tena hali ya bibi, waliuliza kama jogoo ameshawika.

Boksi lilipoisha, bado hakukuwa na jambo kubwa. Bibi alipanda ngazi vizuri kwa nguvu ya goti la kulia, lakini kushuka kulimshinda. Nilijifunza hapo kitu ambacho watu wenye magoti mazima hawakijui: wakati wa kupanda, goti moja linaweza kulibeba jingine, wakati wa kushuka lazima yote mawili yakubaliane. Daktari alimfundisha zoezi: akae kitini, afunge mfuko mdogo wa maharage kwenye kifundo cha mguu, anyooshe mguu polepole na kuushusha, ili misuli ya paja isaidie kazi. Bibi alilifanya kibarazani mbele ya mtaa mzima, akisema hayo ndiyo maharage pekee anayolima mwaka huu.

Kisha, katikati ya kiangazi, wakati ukungu wa vumbi unapoificha milima ya ng'ambo ya ziwa, taarifa za asubuhi zikaanza kubadilika. Wa kushoto amelala. Wa kushoto hajasema kitu. Wa kushoto, sijui kama yuko. Na karibu wakati huo huo wa kuume alianza kurudisha kelele zake, kidogo kidogo, hasa asubuhi. Baba alikasirika kana kwamba amesalitiwa na rafiki. Daktari alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, lakini mtu anayecheza kwa mguu mmoja humsikiliza daktari gani? Muda wa kutosha ulikuwa umepita, kwa hiyo alikubali kulichoma tena goti la kulia, akamwambia bibi asitegemee kuchomwa hivyo mara kwa mara.

Jumapili iliyofuata tulitoka misa, bibi na mimi. Tukafika juu ya ngazi zetu. Nilitangulia kama kawaida, nikashuka hatua moja, nikasimama, nikasubiri mkono wake begani. Haukuja. Nikasubiri. Nikageuka.

Bibi alikuwa amesimama ameshika kikwembe chake kwa mikono miwili, kimeinuliwa kidogo, macho yake yakitazama chini mpaka kwenye mlango wetu.

"Utoke mu njia," aliniambia.

Nilijibana ukutani, naye akanipita. Alishuka. Si haraka, wala si kwa maringo. Alishuka kama mtu anayekwenda kuteka maji, mguu wa kortizoni, mguu wa jogoo, mpaka chini. Baba alikuwa mlangoni, povu la kunyolea likiwa bado shavuni. Aliona yote. Bibi alisimama mbele yake, akavuta pumzi, akamuuliza gari litaondoka lini.

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu pale kwenye ngazi. Na papo hapo nikahisi bega langu jepesi, na wepesi ule sikuupenda.

Tulimrudisha Miti kabla ya mvua. Daktari alimwonya asibebe mizigo mgongoni, naye bibi akakubali kwa upole wa watu ambao hawatatii. Chumba changu kikawa kipana. Nilimkumbuka sana. Nilizungumza na kitanda kitupu nikivua viatu, kisha nikajicheka.

Nilikwenda kumtembelea mvua zikiwa zimekolea. Alinisubiri barabarani, amesimama, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nilipokuwa shuleni. Nyumbani wifi alitupokea na viazi vitamu. Uani kulikuwa na jogoo mweupe, mnene kupita kiasi. Bibi akaniambia kwamba wageni wameshakuja mara nyingi na huyo hachinjwi, kwa sababu ni ndugu wa goti lake. Nilimuuliza, sasa baada ya yote, sindano ipi ni bora. Alikuwa na jibu tayari.

"Ile ya mbio iko sawa mugeni wa ndoa. Anakuya na ngoma, unafurahi, kesho ameenda. Ile ya jogoo iko sawa mukwe. Anachelewa mpaka unamukasirikia, lakini akifika anakusaidia kulima." Kisha akasema, kwa haki, kwamba bila mgeni wa ndoa asingekuwa na moyo wa kumsubiri mkwe.

Bibi alipoingia ndani kutafuta kikapu, wifi alisogeza kiti chake karibu na changu. Alitazama migomba, si mimi. Alijipapasa goti juu ya kikwembe.

"Ule dokta," alisema polepole, "iko bado na jogoo ingine?"

Nilimjibu kwa uso mkavu kabisa kwamba nitamuulizia, nikaenda nyuma ya nyumba kucheka.

Kabla sijaondoka, bibi alitaka nione maharage. Shamba lilikuwa kwenye mteremko, na mvua ya mchana ilikuwa imeufanya udongo kuwa sabuni. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya ofisi, vya kisigino. Yeye alitangulia, miguu mitupu, kikwembe kimefungwa juu. Niliteleza mara ya kwanza, nikashika mgomba. Nikateleza tena. Bibi akasikia, akasimama bila kugeuka, akashuka hatua moja zaidi, akajishikiza vizuri kwa magoti yake yote mawili na kupiga bega lake kwa kiganja.

"Weka mukono hapa," alisema.

Nikauweka, tukashuka.